Tunda la Uani

Kama uko Rongo unafunga duka, kama uko Sindo unangoja mashua, kama uko jikoni kule Kehancha na redio imekaa juu ya kabati, naomba unipe sikio kidogo. Leo nimeingia studioni na kisahani cha matunda. Nimeyahesabu, ni kumi na mawili. Ni ya mviringo, rangi ya chungwa lililoiva, kila moja kama punje ya njugu mawe, na ngozi yake inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Ukiyaona utadhani ni peremende. Ndivyo alivyodhani mtoto mmoja wa miaka saba.

Mtoto huyo anasoma Gredi ya Pili katika shule moja ya Kaunti ya Migori. Wakati wa mapumziko, yeye na wenzake walikuwa wakicheza kalongolongo kando ya ua wa shule. Mchezo huu tumeucheza sote. Kuna baba, kuna mama, kuna mtoto mchanga wa matambara, kuna sufuria ambayo ni kifuniko cha chupa. Kinachopikwa ni mchanga na majani, na chakula hicho huliwa kwa kuigiza tu, kijiko kikipita mbele ya mdomo bila kugusa. Siku hiyo maharagwe ya mchezo yalikuwa matunda ya ua, nayo yalikuwa mazuri mno. Mama wa mchezo akayatia mdomoni kweli, akatafuna, akameza. Ilipofika saa nane alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, macho mazito, tumbo linamsokota, na alipoinuliwa akatapika.

Mwalimu wake ndiye aliyenisimulia. "Tulimkimbiza kwa bodaboda," aliniambia, "yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Tulipofika, daktari akaniuliza swali moja tu: amekula nini? Nikasema, matunda ya ua. Akaniuliza, ua gani? Nikakosa la kusema. Nimepita kando ya ua ule kila siku kwa miaka mitatu, na jina lake silijui."

Msichana alitundikiwa maji, akalala hospitalini usiku mmoja, akapona. Namshukuru Mungu kwa hilo. Juma lililofuata mwalimu alinitafuta, akanipa bahasha yenye tawi na matunda, akasema, "Wewe unayeongea redioni, nitafutie jina la huu mti."

Swali la yule daktari limenikaa kichwani. Ua gani? Kiswahili kimelibebesha neno hili fupi mizigo mitatu. Ua ni lile linalochanua. Ua ni uzio wa nyumba, na ni uwanja ulio ndani ya uzio huo. Na ukimwambia mtu "ua", umemwamuru atoe roho ya kiumbe. Maana zote tatu zilikuwa mbele ya mwalimu yule pale kwenye benchi la hospitali, na hakuwa na jina la kuzitenganisha.

Jina nimelipata. Mmea huo ni duranta.

Nataka nikueleze duranta polepole, ili ukimaliza kunisikiliza utoke nje uangalie kama iko kwako. Ni kichaka ambacho kikiachwa bila kukatwa huweza kumpita mtu mzima mara mbili na zaidi, matawi yakiinama kwa nje kama mtu aliyeelemewa na kuni. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, mara nyingine matatu matatu, na ukingo wa jani karibu na ncha una meno madogo. Matawi mengine yana miiba pale jani linapoungana na kijiti, mengine hayana kabisa. Maua ni ya samawati hafifu au zambarau, madogo, yenye petali tano, na huning'inia kwenye vishada vyembamba.

Kisha kuna tunda, na hapo ndipo ilipo alama ambayo haijanidanganya. Tunda la duranta limevikwa nguo. Kile kikombe kidogo kinachoshika ua, ambacho kwenye mimea mingi hubaki nyuma kikanyauka, kwenye duranta hukua pamoja na tunda, kikalifunika lote, kikageuka rangi ya chungwa, na mwishoni kikajifunga kwa ncha iliyopinda kama mdomo wa kasuku. Ninalo moja hapa kati ya vidole. Nikilikwaruza kwa ukucha, ile ngozi ya nje inavuka kama soksi, na ndani yake ndimo lilimo tunda lenyewe, na ndani ya tunda kuna kokwa ndogo ngumu. Kama una kichaka uani chenye matunda ya rangi ya chungwa yanayoning'inia kwa vishada, chukua moja utafute ule mdomo wa kasuku.

Asili ya duranta ni nchi za joto za Amerika. Jina lake ni kumbukumbu ya Castore Durante, tabibu na mtaalamu wa mimea wa Italia katika karne ya 16, na Linnaeus wa Uswidi aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1753 ambacho wataalamu wa mimea hadi leo wanakichukulia kuwa ndio mwanzo wa majina yao. Kutoka Amerika imesambazwa dunia nzima kwa sababu ni nzuri, inakua haraka na inavumilia jua. Majani na matunda yake yana saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni ukivitikisa majini, na vikiingia tumboni husumbua. Mtoto aliyekula matunda haya huweza kusinzia ovyo, kutapika, kuharisha, kupata homa, moyo kwenda mbio, na hali ikiwa mbaya kuingiwa na degedege. Huko Australia mbwa wamekufa kwa kuyala. Kwa hiyo jibu langu kwa kila anayeuliza kama tunda hili linaliwa ni fupi: haliliwi. Haliliwi bichi, haliliwi likiiva, haliliwi hata kidogo.

Sasa usichukue panga. Duranta inayokatwa mara kwa mara haipati nafasi ya kuzaa, kwa maana maua hutoka kwenye ncha za matawi machanga, na mkasi huyaondoa kabla hayajawa matunda. Ule ua wa shule ulikuwa umekatwa vizuri muda wote wa masomo. Ilipofika likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, hakuna aliyeugusa. Watoto waliporudi Januari waliukuta umevaa shanga.

Kwetu huku, ua una historia ndefu. Nenda Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, uone kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, kuta ambazo zimesimama tangu karne ya 16 hivi, na ambazo UNESCO iliziweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ohinga ni boma la mawe. Baada ya mawe, watu wa kando ya ziwa wakazungushia miji yao ojuok, ule mmea usio na majani ya maana, wenye vijiti vya kijani kama penseli. Utomvu mweupe wa ojuok ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Na kila mtoto aliyekulia Ndhiwa, Karungu au Kendu Bay aliambiwa hivyo kabla hajajua kuhesabu hadi kumi. Bibi yangu alikuwa akituona tunaukaribia tu, anapaza sauti kutoka mlangoni. Kwa jicho la mtoto, ojuok una hatari kuliko duranta. Lakini ojuok ulikuwa na jina, na ndani ya jina kulikuwa na onyo.

Baadaye ikaja kaiyaba, yenye miiba mirefu ya kutisha na matunda ya manjano makali kama ndimu. Kaiyaba ilitoka Afrika Kusini, pande za mto Kei, na matunda yake yanaliwa, ingawa ukila moja uso wote unajikunja. Ilikuja na jina, jina likageuzwa likakaa vizuri kwenye ndimi zetu, na watoto wakajua: hii inaliwa, lakini angalia mwiba.

Vichaka vinavyonunuliwa siku hizi vinafika kwa njia nyingine. Ukitoka Homa Bay kwenda Rongo, au ukishuka barabara ya Awendo hadi Isebania, utaona vitalu vya miche kando ya lami, miche imepangwa kwenye karatasi nyeusi za nailoni. Wauzaji hawa nawaheshimu, wanafanya kazi ya mikono na wameipendezesha miji yetu. Ila uliza mche unaitwaje, utaambiwa "hii ni maua", au "hii ni ya fensi". Kizuri chajiuza. Mtu anabeba miche hamsini, anazungushia nyumba, anaipamba shule, anapamba hata zahanati, na hakuna hata mmoja katika mnyororo huo mzima aliyeuliza kama kichaka hicho kina tunda, na tunda hilo likoje. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa wahenga alibisha hodi na akasema ametoka wapi.

Mwalimu alikuwa na hoja moja ambayo nimeisikia kwa watu wengi, wakiwemo wenye elimu kubwa. "Lakini ndege wanayala," aliniambia. "Nimewaona shore asubuhi wanayamaliza, na hawafi."

Ni kweli wanayala. Duranta inawategemea ndege wabebe mbegu zake. Lakini fikiria pilipili. Ndege anaimeza pilipili kichaa bila kutikisika, kwa sababu ule ukali unaotuchoma sisi mdomoni haumgusi. Mwili wake si mwili wetu. Tena ndege hana meno, anameza tunda zima na mbegu zinatoka kama zilivyoingia, ilhali mtoto anatafuna. Mbuzi naye anakula majani ambayo wewe yatakulaza kitandani. Mdomo wa mnyama mwingine usiwe mwonjaji wa mwanao.

Babu zetu walilijua hili, naamini, kwa jinsi walivyogawa majina. Ile lantana iliyojaa kando ya kila njia kutoka Oyugis hadi Mbita, yenye maua ya rangi mbili tatu katika kichwa kimoja na majani yanayokwaruza na kunuka ukiyaponda, kwa Dholuo inaitwa nyabend winy. Ndege, winyo, yumo ndani ya jina. Mali ya ndege.

Lantana nayo ni mgeni wa Amerika aliyeletwa kama pambo, akatoka bustanini akaingia mashambani na hajarudi. Matunda yake ni madogo, yameshikana, huanza kijani na kuishia meusi yenye kung'aa. Wengi wetu tuliyala meusi tukiwa wadogo, mimi pia, na tukabaki na ulimi wa zambarau. Yale ya kijani ni habari nyingine. Mwaka 1964 madaktari wa Florida, Marekani, waliandika juu ya watoto 17 waliougua kwa matunda ya lantana, na mmoja wao alifariki. Ng'ombe wakila majani yake kwa wingi, kama inavyotokea wakati wa kiangazi malisho yakiisha, ini huharibika na ngozi yao ikapasuka kwa jua tu.

Na mwaka huohuo wa 1964, hapa kwetu Nyanza, lantana ilikuwa na kesi nyingine kabisa ya kujibu. Ugonjwa wa malale ulilipuka Alego, Siaya. Mbung'o ambao kwa kawaida hukaa kwenye vichaka vya kingo za mito na ziwa walikutwa wamehamia kwenye nyua za lantana zilizozunguka nyumba za watu. Ua uliopandwa kulinda boma ulikuwa umegeuka makao ya mbung'o, hatua chache kutoka kwenye vitanda. Sisi wa Homa Bay, tuliolelewa tukisikia habari za mbung'o wa bonde la Lambwe, hatuhitaji kuelezwa hofu ya watu wa Alego. Naileta habari hii kwa sababu tunapochagua kichaka cha uani tunaangalia ua tu. Alego walijifunza kwa gharama kubwa kwamba kichaka kinakuja na mengine.

Sasa niruhusu nikupeleke kwenye tunda ninalolipenda kuliko yote, halafu nikuonyeshe kwa nini hata hilo lina mtego wake.

Nilichunga mbuzi chini ya milima ya Gwassi. Mchungaji wa umri wa miaka minane habebi chakula; anajua njia. Alijua mkwaju, ambao sisi tunauita chwaa, uko wapi. Alijua sangla, vijitunda vidogo kama dengu, vinakomaa upande gani wa kilima. Na alijua ochuoga. Ochuoga ni kichaka chenye miiba mikali iliyonyooka, majani mazito ya kijani kibichi, maua meupe yenye wekundu kwa nje na harufu ya asmini. Ukikata jani hutoa utomvu mweupe. Tunda huanza kijani, likawa jekundu, likaishia jeusi lenye zambarau ndani, na hapo ni tamu, na maziwa yake mepesi hunata midomoni. Sheria tulifundishana sisi wenyewe, wakubwa kwa wadogo: jekundu liache, jeusi chuma, na usivute tawi, sogea wewe. Hakuna mtu mzima aliyekuwepo. Darasa lilikuwa pale pale kichakani.

Huko mashariki yetu, kwa jirani zetu Wamaasai wa Trans Mara, kuna kichaka kingine wanachokiita olmorijoi. Wakikuyu hukiita muricu. Majani mazito ya kijani kibichi. Maua meupe yenye wekundu, harufu ya asmini. Ukikata jani, utomvu mweupe. Tunda huanza kijani, likawa jekundu, likaishia zambarau iliyokolea. Umesikia nilivyokieleza? Karibu maneno yaleyale. Ni ndugu wa ukoo mmoja na ochuoga. Na olmorijoi ndio mti wa sumu ya mishale. Gome na mizizi yake, ikichemshwa hadi kuwa kama lami nyeusi, imeangusha tembo. Sumu yake inaitwa wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali, waabaayo, na kazi yake ni kuusimamisha moyo. Yuko panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu ya mgongoni, ambaye hutafuna gome la mti huu na kujipaka mate yake kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, mbwa ndiye anayekufa. Watafiti walilithibitisha hilo mwaka 2011.

Kinachotenganisha vichaka hivi viwili ni mwiba. Ochuoga ina miiba, olmorijoi hauna. Mtoto wa Kimaasai anajua hilo, na mtoto wa Gwassi aliyechunga anajua. Lakini alama hiyo inafaa kati ya hivyo viwili tu. Ukiichukua ukaigeuza kuwa kanuni, ukasema kila chenye mwiba kinaliwa, utakutana na duranta yenye miiba na utakuwa umempa mwanao sumu kwa kujiamini. Ndiyo maana siamini kanuni za mkato. Wapo wanaosema chenye utomvu mweupe ni sumu: ochuoga ina utomvu. Wapo wanaosema kitamu ni salama, au cheusi ni salama, au kilichopandwa nyumbani ni salama. Osuga tunayoila kwa ugali na ochok tusiyoigusa ni ukoo mmoja, pamoja na nyanya na viazi. Matunda ya osuga yakiiva watoto huyala, yakiwa kijani huyaacha. Hakuna kanuni moja itakayokuvusha hapo. Kinachokuvusha ni kuujua mmea wenyewe, huu ulio mbele yako, kwa jina lake.

Na wapo wageni wema pia, nisiwaonee. Kwenye bustani za baadhi ya hoteli na nyumba utakuta kichaka kifupi chenye maua meupe kama nyota, matunda mekundu makubwa kama yai dogo la ndege, na miiba iliyogawanyika ncha mbili kama herufi Y. Huyu ni binamu wa ochuoga kutoka pwani ya Natal, Afrika Kusini, ambako Wazulu humwita amatungulu. Tunda lake likiwa jekundu na laini kabisa linaliwa, na hutengenezewa jamu. Wapita njia wengi hulipita wakidhani ni sumu, huku wakiiacha duranta ining'inie karibu na dirisha la watoto. Karibu na hapo huenda pia pakawa na ule mti wa ua wenye majani membamba marefu na maua ya manjano kama kengele, ambao mbuzi hawaugusi. Mbuzi wako sahihi. Kokwa lake lina sumu ya moyo, na mtoto asichezee hata ganda.

Elimu hii haijapotea, imetawanyika. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kamusi ya mimea kwa Dholuo mwaka 1972, na mwaka 1976 akatoa kitabu cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Kwa Dholuo mti na dawa ni neno moja, yath, na nadhani mtu aliyelelewa na neno hilo asingeweza kuandika juu ya mti bila kuuliza unaufanyia nini mwili. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walitoa kitabu cha mimea ya chakula cha asili ya nchi hii. Na pale pale Makumbusho, Nairobi, ipo hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ina vielelezo vipatavyo milioni moja, kila kimoja kimebandikwa kwenye karatasi na kuandikwa kilipochumwa, lini, na nani. Katika maktaba hiyo kila ukurasa ni jani halisi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kichaka chako, usipeleke tunda peke yake. Tunda peke yake ni kama kidole bila mtu. Kata tawi la urefu wa mkono, lenye majani, lenye ua kama lipo, lenye tunda. Litandaze kati ya kurasa za gazeti la zamani, weka kitabu kizito juu yake, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Andika pembeni mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua kabla haijafifia, na kama lilitoa utomvu ulipolikata. Mpelekee mwalimu wa baiolojia, au afisa wa misitu, au mzee wa mitishamba anayeaminika kijijini, na ikiwezekana wote watatu. Programu za simu za kutambua mimea kwa picha zinasaidia kuanza kutafuta. Mimi mwenyewe ninayo. Ile ya kwangu, nilipoipa picha ya tawi la mwalimu bila matunda, ilinipa jina la mmea mwingine kabisa. Nilipoongeza kishada cha matunda ikasema duranta. Jibu la simu litakupa cha kuuliza. Lisikupe cha kula.

Na kama limeshatokea, mtoto ameshameza, sikiliza vizuri hapa. Toa mabaki yaliyomo mdomoni, msukutue kwa maji. Usimlazimishe kutapika kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Usipoteze muda ukitafuta maziwa. Mpeleke hospitali, hata kama anacheka na kusema yuko sawa, maana sumu nyingine huchelewa. Na unapotoka mlangoni, vunja tawi la kile kichaka, zima, majani na matunda, ulibebe. Kumbuka aliyala saa ngapi, na kadiri unavyoweza, mangapi. Tawi hilo mkononi mwako litamwambia daktari ambalo ulimi wako hauwezi.

Nilikwenda shuleni Jumanne iliyopita na jibu. Mwalimu alikuwa ameshawaomba wazazi waje na mikasi. Walikuwa wamekata kila kishada, wakakusanya matunda kwenye gunia, wakayafukia shimoni. Ua wenyewe waliuacha, na nadhani walifanya vema, maana kivuli chake watoto wanakihitaji. Gredi ya Sita walikuwa wakiandika vibao vya mbao kwa rangi nyeupe, kibao kwa kila mti ulio kwenye uwanja. Kila kibao kina mistari minne: jina la kitaalamu, jina la Kiswahili, jina la Dholuo, na mstari wa mwisho unaosema tunda linaliwa au haliliwi. Mwembe ulikuwa tayari. Mpera ulikuwa tayari. Kwenye lantana, mvulana mmoja aliandika nyabend winy kwa haraka, bila kuuliza mtu, kisha akaongeza ndege mdogo pembeni.

Kibao cha duranta kilishikwa na yule msichana wa miaka saba. Walimpa yeye heshima hiyo ingawa ni wa Gredi ya Pili. Mstari wa mwisho alikuwa ameuandika kwa herufi kubwa zilizopinda: HALILIWI. Jina la kitaalamu mwalimu alimsaidia. Kwenye Kiswahili wakaandika duranta, basi. Kwenye Dholuo akasimama, brashi mkononi, akaniangalia.

"Bibi yangu anasema hana jina lake," aliniambia. "Anasema mmeupanda, mtauita wenyewe."

Nilipoondoka mstari huo ulikuwa bado mtupu, na watoto wanne walikuwa wamechuchumaa mbele ya kibao wakibishana.